Vidonge Viwili vya Uzinduzi

"Wananchi wote wa Kanda ya Kati wanaarifiwa kwamba, kuanzia sasa, maumivu ya kichwa yamewekewa utaratibu."

Hivyo ndivyo Mwalimu Mkuu Ebenezer alivyosoma mstarini asubuhi ya Jumatatu, mkono mmoja ukishika tangazo na mwingine ukishika miwani isipeperuke, maana upepo wa Dodoma hauna adabu kwa matangazo ya serikali. Aliendelea kusoma kwamba Kurugenzi ya Uratibu wa Maumivu Madogomadogo, ambayo wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Bweni Nguvu ya Kesho hawakuwahi kuisikia tangu wazaliwe, imebaini kuwa wananchi wanaumwa kiholela. Mtu anaamka tu, kichwa kinamgonga, anakwenda dukani, anameza, anaendelea na shughuli zake bila mamlaka yoyote kujua. Hali hiyo haikubaliki katika nchi inayojiheshimu. Kwa hiyo Kurugenzi inaanzisha Kampeni ya Matumizi Salama ya Dawa ya Maumivu Inayouzwa Bila Cheti cha Daktari, na shule hii imepewa heshima ya kuwa kituo cha sita na cha mwisho cha uzinduzi, siku ya Alhamisi, mgeni rasmi akiwa Mkurugenzi mwenyewe.

Akamaliza. Akakunja karatasi, akafumba macho.

"Yudith," akaita kwa sauti ya chini, ambayo kipaza sauti kiliikuza mpaka jikoni, "niletee panadol mbili. Kichwa kinanipasua tangu jana."

Yudith alikuwa kiranja wa afya, Kidato cha Nne, binti mwenye ufunguo wa kabati la dawa shingoni na uso usiopenda masihara. Kabati lenyewe lilikuwa na pamba, spiriti na panadol. Pale shuleni panadol ilikuwa jibu la maswali yote. Ukiteguka mguu uwanjani, mbili. Ukiungua na uji, mbili. Kuna msichana wa Kidato cha Pili aliyeachwa na mpenzi wake wiki ya mitihani; matroni alimpa mbili, akamwambia asisahau kula kwanza. Tangu akabidhiwe ufunguo Yudith alikuwa anajaribu kuleta mageuzi. Alikuwa anauliza watu: "Mara ya mwisho umemeza saa ngapi? Kuna dawa nyingine unayotumia?" Kwa sababu hiyo shule nzima ilimwona ana roho mbaya.

Mstari wa nyuma kabisa, Yoramu wa Kidato cha Tatu alikuwa ameng'ata kola ya shati ili asicheke. Alikuwa na haki ya kucheka. Kampeni ile, au tuseme kiungo chake muhimu kuliko vyote, alikuwa ameiasisi yeye, akiwa ameshika birika la chai.

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita afisa itifaki wa Kurugenzi, Bwana Respicius, alikuja kukagua mandhari ya uzinduzi. Alikagua kivuli. Alikagua choo cha wageni, akatoka ameziba pua. Kisha akaketi ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na hapo likaibuka suala zito: mgeni rasmi atazindua kwa tendo gani?

"Akate utepe," alisema Mwalimu Ebenezer.

"Utepe ni wa majengo."

"Basi apande mti."

"Miti ni ya watu wa mazingira. Tukigusa mti kesho tunaandikiwa barua."

"Abonyeze kitu, basi."

"Abonyeze nini, Mwalimu? Hii ni dawa. Dawa haina kitufe."

Yoramu alikuwa anatumikia adhabu ya kuwahudumia wageni kwa muhula mzima. Alimimina chai bila kuinua macho, kisha akasema kwa sauti nzito ya mtu aliyesomea jambo hilo ng'ambo: "Ameze, mzee. Azindue kwa vitendo."

Mwalimu Ebenezer alimtupia jicho la kumpeleka bwenini. Lakini Bwana Respicius alikuwa ameganda, kikombe kimesimama katikati ya meza na mdomo.

"Kwa vitendo," alinong'ona. "Vidonge viwili. Mbele ya hadhara. Hapo hata mpiga picha anapata cha kupiga!"

Hakuuliza jina. Watu wa ngazi yake hawajishughulishi na jina la anayeshika birika.

Yoramu alifika bwenini akajitupa kitandani akilia kwa kicheko. Alikuwa na hakika kwamba Respicius akifika ofisini kwake mjini, mtu mmoja mwenye akili timamu atasema "acheni ujinga," na habari itaishia hapo. Hapo ndipo alipokosea hesabu. Pendekezo lilipita kamati ndogo. Likapita kamati kubwa. Likapambwa, likapigwa mhuri, likarudi likiwa mwongozo: katika kila kituo, mgeni rasmi atazindua kampeni kwa vitendo kwa kumeza vidonge viwili vya miligramu mia tano, na hadhara itapiga makofi.

Kwa mtu wa aina ya Yoramu, huu ulikuwa ushindi wa maisha. Bahati mbaya hakuweza kujisifu. Muhula uliotangulia alikuwa ametangaza kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya Mwalimu Mkuu, pamoja na kile kikohozi chake, kwamba ugali umefutwa kitaifa. Wapishi walizima jiko. Shule ililala njaa ikisubiri wali. Bodi ilikutana, na Mwalimu Ebenezer akamwambia Yoramu mbele ya mama yake: "Kosa moja tena, kijana, unarudi kwenu Zuzu na godoro lako kichwani." Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa mpima ardhi. Njiani kurudi stendi alimwambia tu, "Yoramu, mimi nitaweka wapi uso?" Neno hilo lilimkaa Yoramu kuliko fimbo.

Kwa hiyo alinyamaza, akajitahidi kuwa mwema. Ilimchosha sana.

Alhamisi ilifika. Wanafunzi walifagia uwanja, upepo ukaurudisha mchanga, wakafagia tena. Turubai lilifungwa. Meza ya mgeni rasmi ikavikwa kitambaa cha kufuma, na Yudith akapewa jukumu la kubeba sinia: glasi ya maji, kisahani, na juu ya kisahani vidonge viwili vya uzinduzi.

Saa tisa alasiri msafara ukaingia kwa vumbi lake. Mgeni rasmi alipelekwa ofisini kunawa uso, na dereva wake akaja jikoni kuomba chai. Yoramu alikuwa pale anamenya vitunguu, sehemu ya wema wake. Yudith alikuwa anafuta glasi.

"Dah, leo tumezunguka," dereva alisema akijitupa kwenye benchi. "Tumeanza Mlali alfajiri, shule baada ya shule. Mzee kazindua, kazindua, mpaka nikamwonea huruma. Na alivyo mwembamba vile!"

"Kazindua zote kwa vitendo?" Yudith aliuliza.

"Zote. Mbili, makofi, twende. Mbili, makofi, twende. Tena mchana hapo akaanza kupiga chafya, vumbi hili, akanituma dukani nimchukulie dawa ya mafua. Kapiga mbili na zenyewe."

Glasi iligonga meza. "Pakiti unayo?"

Dereva akatoa pakiti mfukoni. Yudith aliisoma upande wa nyuma, kwenye yale maandishi madogo ambayo huwa hayasomwi na mtu.

"Humu kuna parasetamoli," alisema. "Ileile ya kwenye panadol. Kila kidonge, miligramu mia tano."

"Si ni za mafua?"

"Ni za mafua, na zina panadol ndani. Shule tano, mbilimbili. Ongeza na hizi." Alimgeukia Yoramu, na kwa mara ya kwanza Yoramu alimwona Yudith akiogopa. "Huyu mtu amevuka kipimo cha siku. Na mimi nimetumwa nimpelekee nyingine."

Yoramu aliacha kitunguu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na safari hii hakuweza kuwa na uhakika ni ya kitunguu peke yake.

"Atakufa?" aliuliza.

"Sijui. Ini linaweza kuharibika. Anatakiwa hospitali, leo, sio kesho."

Walikimbia kwa Mwalimu Ebenezer. Alikuwa anafungwa tai.

"Mwalimu, shikamoo, mgeni rasmi asimeze tena..."

"Marahaba. Nani asimeze?"

"Mgeni rasmi. Amemeza nyingi mno tangu asubuhi."

"Yudith," alisema Mwalimu Ebenezer kwa upole wa mtu anayebanwa na tai, "mgeni rasmi ni Mkurugenzi wa dawa hizo. Wewe unataka kumfundisha samaki kuogelea? Muone Bwana Respicius. Mambo ya kumeza yapo chini yake."

Bwana Respicius alikuwa chini ya turubai akinyoosha viti ambavyo tayari vilikuwa vimenyooka. Alimsikiliza Yudith hadi mwisho. Alisikiliza vizuri sana, kichwa kikiwa upande, kama mtu anayesikiliza maombi ya kuongezewa likizo.

"Binti, nimekuelewa. Ila unachanganya. Kila uzinduzi unajitegemea. Shule ya Mlali haina uhusiano wowote wa kiutawala na shule hii. Hata wilaya ni tofauti."

"Wilaya ni tofauti, mzee, lakini tumbo ni lile lile," Yoramu alisema.

"Tumbo haliko kwenye ratiba."

"Basi tumwambie mwenyewe!"

"Kumwona Mkurugenzi kunahitaji miadi. Miadi ya leo imejaa." Alitazama saa yake. "Halafu wewe kijana, tumewahi kuonana?"

"Hapana, mzee," alisema Yoramu, akarudi nyuma ya Yudith.

Nyuma ya jiko wakasimama wakitazamana. Muziki wa kwaya ya shule ulikuwa umeanza, maana yake kulikuwa na nyimbo tatu na shairi kabla ya hotuba.

"Ningemwaga sinia," Yudith alisema. "Nijikwae tu."

"Wataleta nyingine. Kabati zima limejaa." Yoramu alikuwa anapapasa mfuko wa suruali. Alitoa peremende, zile nyeupe za duara, kubwa kidogo kuliko panadol, zenye baridi ya kuchoma ulimi. "Weka hizi."

"We Yoramu! Hiyo ni mbele ya wazazi, mbele ya kamera!"

"Kwani ana muda wa kuangalia? Anameza, makofi, kwisha. Akishuka wewe unamwambia ukweli pembeni, anaenda hospitali. Hakuna mtu atajua."

"Na ukikamatwa?"

Yoramu aliwaza godoro lake. Lilikuwa godoro zito, la inchi sita, na kutoka stendi ya Zuzu mpaka kwao kuna mwendo na majirani pande zote mbili.

"Nikikamatwa umekuta tayari zipo," alisema. "Wewe ni kiranja, hujui kitu. Weka."

Yudith aliweka.

Mgeni rasmi, Dakta Habibu, alipanda jukwaani. Alikuwa mtu mrefu, mkondefu, mwenye suti pana kuliko yeye. Udaktari wake ulikuwa wa utawala. Alitunukiwa kwa utafiti wa kina kuhusu mpangilio wa viti katika vikao. Alisoma hotuba kwa sauti nzuri, sauti ambayo ingefaa kusomea washindi wa bahati nasibu, na kila alipofika mahali pa kusisitiza alisisitiza.

"Ndugu zangu! Dawa hii ni rafiki, lakini rafiki ana mipaka. Mtu mzima anameza kidonge kimoja au viwili. Anakaa walau saa nne, ikiwezekana sita, ndipo ameze tena kama bado anaumwa. Na kwa usiku na mchana mmoja, kwa saa ishirini na nne, asizidi vidonge vinane! Vidonge vi...?"

"VINANE!" shule ikaitika, kama inavyoitika hesabu za kuzidisha.

"Sijasikia! Vi...?"

"VINANEEE!"

"Safi sana. Mtoto hapewi kwa kukadiria. Anapewa kwa uzito wake, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti au alivyosema mtaalamu. Usichanganye! Dawa nyingi za mafua zina dawa hii hii ndani yake, soma pakiti! Ukimeza huku na huku, unajikuta umezidisha bila kujua. Na yeyote aliyezidisha asisubiri kuumwa. Anaweza kujisikia mzima kabisa leo, kumbe ini linateketea. Aende hospitali mara moja!" Akafunua ukurasa, akapiga chafya, akafuta pua. "Baada ya kusema hayo machache, sasa nazindua kampeni hii... kwa vitendo!"

Makofi yalilipuka. Yudith alisogea na sinia, glasi ikigongana na kisahani. Dakta Habibu alichukua vidonge vyote viwili kwa mpigo, kwa ufundi wa mtu aliyefanya kazi hiyo siku nzima, akavitupia mdomoni, akanywa maji, akameza.

Havikwenda. Peremende ni peremende. Alikunywa tena. Mashavu yalimvimba. Akaangalia hadhara, hadhara ikamwangalia, na mwisho, kwa kukosa namna, mgeni rasmi alitafuna.

KRAUU, kipaza sauti kikasema.

Makofi yakakatika. Dakta Habibu alivuta hewa kwa mdomo. Uso wake ulipata mshangao wa mtu aliyefungua dirisha asubuhi ya baridi.

"Hizi," alisema kwenye kipaza sauti, "ni tamu."

Mwalimu Ebenezer hakugeuka kutafuta. Hakuuliza nani. Aliinamisha kichwa tu, akasema, "Yoramu."

Wanafunzi walifunguka katikati kama pazia, na Yoramu akajikuta peke yake kwenye uwazi. Angeweza kukimbia. Ukuta wa nyuma ulikuwa mfupi na alikuwa anaufahamu vizuri. Lakini Yudith alikuwa bado amesimama pale na sinia, na tayari kuna mtu alikuwa anamnyooshea kidole. Akapanda jukwaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii ni nini?"

"Peremende, mzee. Nimeweka mimi. Dada Yudith hajui kitu."

"Umembadilishia mgeni rasmi dawa!" Bwana Respicius alifika akihema. "Umehujumu uzinduzi! Sasa kisheria shule hii haijazinduliwa!"

"Kwa nini umefanya hivyo, kijana?" Dakta Habibu aliuliza. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyechoka na ambaye peremende ilikuwa imemfanyia wema.

Yoramu alisogea karibu na kipaza sauti. "Mzee, kwani umesema mtu asizidi vidonge vingapi?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Macho yakamtoka kidogo. Akaangalia karatasi yake, akaipekua, akarudi nyuma, akapekua tena.

"VINANE!" shule ikamsaidia.

"Na leo umezindua shule ngapi?"

Midomo ya Dakta Habibu ilianza kutembea bila sauti. Mlali. Halafu ile yenye mzinga wa nyuki. Halafu ile ya wimbo mrefu. Mkono wake ulipanda taratibu kwenye mfuko wa koti, alimoweka vidonge vya mafua vilivyobaki, ukabaki hapo.

"Lakini mimi najisikia vizuri," alisema, kwa sauti ndogo sana sasa.

"Ndiyo hatari yenyewe, mzee," alisema Yudith. "Umetuambia sasa hivi. Kujisikia mzima sio kuwa mzima, asisubiri, aende hospitali."

"Nimesema hivyo?"

"Kwa msisitizo, mzee."

"Mkurugenzi," Bwana Respicius aliingilia, "kiutawala tunaweza kuugawa huu mzigo kwa wilaya. Ukitazama wastani..."

"Respicius," alisema Dakta Habibu, "leta gari."

Hospitali ya misheni haikuwa mbali. Msafara ulikwenda kwa king'ora. Mwalimu Ebenezer alimpakia Yoramu kwenye gari la nyuma kama kielelezo, pamoja na peremende zilizobaki, na njia nzima hakusema ila mara moja: "Godoro lako utalifunga mwenyewe. Kamba ipo stoo." Yoramu aliangalia nje, mashamba ya zabibu yakipita. Alikuwa anajaribu kutunga sentensi ya kumwambia mama yake. Kila aliyoitunga ilianza na neno "kumbe."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi anayeitwa Asma, mwenye viatu vya raba na mwendo wa haraka. Bwana Respicius alimwahi mlangoni.

"Daktari, huyu ni mgeni rasmi. Leo Mkurugenzi amefanya uzinduzi wa kihistoria katika..."

"Sijauliza kazindua nini. Kameza vingapi?"

"Suala hilo linahitaji kwanza..."

"Wewe ndiye umemeza?"

"Hapana."

"Basi kaa pale. Baba, umemeza vingapi?"

"Kumi," alisema Dakta Habibu kama mtoto aliyevunja sahani. "Na viwili vya mafua."

"Tangu saa ngapi? Una kilo ngapi? Pombe unatumia? Una ugonjwa wowote wa ini?" Alikuwa anauliza huku anafunga mpira mkononi na kutafuta mshipa. Alichukua damu, akaandika, akatundika dripu ya dawa ya kulilinda ini, akaeleza kwamba watamlaza, wapime damu tena, na kwamba amekuja mapema, jambo ambalo wengi hawafanyi, kwa kuwa wanajiona wazima. "Vingeongezeka viwili vingine ukaenda zako kulala, tungekuwa tunaongea mengine. Nani amekuzuia?"

Wote wakamwangalia Yoramu, aliyekuwa mlangoni na mfuko wa peremende.

Jua la jioni lilikuwa linaingia dirishani. Dakta Habibu alimwita aje karibu na kitanda. Bila suti alionekana mdogo, kama baba wa mtu.

"Kijana, nimesoma hotuba ile mara sita. Hakuna mtu aliyeisikia, hata mimi. Wewe umeisikia." Akamgeukia Mwalimu Ebenezer. "Nasikia unamfukuza."

"Alikuwa kwenye onyo la mwisho, Mkurugenzi."

"Hafukuzwi. Huyu ni balozi wa kampeni. Respicius, andika." Lile godoro zito likamtoka Yoramu kichwani. "Ila kuna mmoja nitamtafuta mpaka nimpate," Mkurugenzi aliendelea, sauti yake ya hotuba ikianza kurudi. "Nani alileta wazo hili la kumeza? Nataka jina. Mtu huyo ni hatari kwa taifa."

Bwana Respicius aliacha kuandika. Alimtazama Yoramu. Akamtazama tena, kwa jicho la mtu anayejaribu kumwona na birika mkononi.

"Sema neno 'ameze,'" alisema polepole.

Yoramu alitazama mlango. Alimtazama Mwalimu Ebenezer, aliyekuwa ameanza kukumbuka na kubadilika rangi. Alimtazama Daktari Asma, aliyekuwa amesimama na kalamu. Hakukuwa na ukuta mfupi.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nilikuwa namimina chai. Nilisema tu. Nilikuwa natania."

"Ulikuwa unatania." Dakta Habibu alijiinua kwenye mto. "Kijana, jambo hilo lilipita kamati ndogo. Likapita kamati kubwa. Tuliketi siku nzima, watu wazima ishirini, tukalijadili kifungu kwa kifungu. Mwenyekiti wa kikao kile..."

Akashusha kidole alichokuwa amekiinua.

"Alikuwa wewe, Mkurugenzi," Bwana Respicius alimkumbusha kwa heshima.

"Tulia, baba, dripu itatoka," alisema Daktari Asma.

Dakta Habibu alitulia. Alihesabu matone yakishuka moja moja kwenye mpira.

"Niambie ukweli, mwanangu," alisema. "Sisi tulipopitisha, wewe ulifikiri nini?"

Yoramu alikuwa ameahidi kuwa mwema, na wema una gharama zake.

"Nilidhani na nyie mnatania, mzee."